Ramani ya Ukutani, Mwaka wa Ngwaci

Mwaka huo tulikula ngwaci. Viazi vitamu, kwa wasiojua neno letu. Unga wa mahindi ulipotea madukani, na ule wa bei nafuu ukija, ulikuja kama mgeni wa heshima: watu wamepanga foleni mpaka nje ya duka, akina mama wanasukumana, na kila mmoja anapewa pakiti moja hata kama ana watoto wa kujaza lori. Mimi nilikuwa na hoteli ya mabati hapa nje ya Ruiru ukielekea Juja, mahali ambapo malori ya mawe hugeuzia, na wateja wangu wote walikuwa madereva. Dereva wa lori bila ugali ni mtu mgonjwa. Niliwachemshia ngwaci, nikawapondea mukimo wa ndizi mbichi, nikawapikia wali na ndengu, na bado waliinua kifuniko cha sufuria na kuchungulia ndani kama watu walioitwa kutambua maiti. Kwa hivyo mtu akiniuliza ilikuwa mwaka gani, sitaji namba. Nasema ule mwaka wa ngwaci, na mtu wa huku mwenye umri wake ataelewa.

Watu hudhani mtu huumbwa akiwa kijana, halafu anazeeka tu na kile alichopewa. Si kweli. Mimi shule niliacha darasa la nne, nikaolewa, nikazaa, nikazika, nikasomesha, na leo mjukuu wangu Shiru yuko chuo kikuu hapo Juja anasomea mambo ya maji na udongo, na nikimwona na lile begi lake mgongoni nasimama wima hata kama magoti yanauma. Lakini mwanamke huyu mnayemwona, mwenye mdomo mgumu, aliumbwa mwaka ule wa ngwaci, nikiwa tayari naitwa cucu, yaani bibi. Nisingesumbuka kuyaandika haya. Ila Alhamisi iliyopita, saa ya chakula cha mchana, Mwangi aliingia kwangu. Sikuwa nimemwona tangu mwaka huo. Amejaa mvi kichwani, amenenepa shingo, na alisimama mlangoni akifuta viatu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nitamwacha hapo mlangoni kwanza. Ana haki ya kungoja.

Nianze na ukuta. Ndani ya hoteli yangu, ukuta wa nyuma karibu na jiko, kuna ramani kubwa ya karatasi. Aliileta Ndirangu. Ndirangu alikuwa dereva wa tipa, lori la kumwaga mawe, na alikuwa mtu wangu. Sote wawili tulikuwa tumeshazika wetu na hatukuona haja ya kumweleza yeyote, hilo latosha. Aliinunua Nairobi, kwenye ile ofisi ya serikali wanakouza ramani, akaibandika kwa uji mzito siku ambazo unga ulikuwa wa kuchezea, halafu akaifunika kwa karatasi ya nailoni isipate moshi. Ilikuwa ramani ya zamani. Ukiitazama, kuanzia Thika mpaka Ruiru unaona kahawa na mkonge tu, na mito, na reli, na vijia vya mashamba. Nyumba hakuna. Lakini sisi tulikuwa tunaishi wakati kahawa inang'olewa kila siku, mashamba yanakatwa ploti, na ghorofa zinaota mahali palipokuwa na miti. Mawe ya kujenga ghorofa hizo yalitoka kwenye machimbo ya upande wa Juja, na madereva hawa ndio waliyabeba. Kijia ulichopita jana, leo mtu ameweka geti. Pale palipokuwa pagumu kiangazi, mvua ikinyesha udongo mweusi unameza gurudumu mpaka ekseli. Hakuna ramani ya serikali ingeweza kujua mambo hayo. Ilibidi ukuta uambiwe.

Na uliambiwa hivi. Dereva akirudi safari ananawa mikono, anakwenda ukutani, anachukua kalamu iliyofungwa kwa kamba kwenye msumari, na anatoa barabara. Ndivyo tulivyosema: kutoa barabara. Anasema kwa sauti, wote wasikie, alipita wapi na alikuta nini. Pazuri anaweka bluu. Pabaya anaweka nyekundu. Palipofungwa anakata msalaba. Akimaliza ndipo anakaa na mimi napakua. Asubuhi kabla ya kutoka, wanakunywa chai wakiwa wamesimama mbele ya ukuta ule, vikombe mkononi, kimya, kama watu wa misa ya kwanza. Mtu akija na njaa akikaa moja kwa moja mezani, mimi namwambia nikiwa hapo hapo jikoni, hata simgeukii: "Sikupakulii kabla hujatoa barabara." Walicheka. Wengine waliniigiza sauti. Lakini waliinuka.

Ulikuwa mchezo kidogo, sikatai. Ndirangu ndiye aliyeuanzisha, na alipenda kuniona nikiwashikia mwiko watu wazima. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza tatu ndefu na mabenchi, jiko la kuni nyuma ya kibao, mvuke wa ngwaci umekaa juu ya vichwa vyetu kama blanketi. Ukiingia kutoka jua unakuwa kipofu kwanza. Halafu unasikia mtu ukutani anasema, "Hapa kwa yule mama wa nguruwe wamechimba mtaro, pitia juu," na mwingine anamjibu huku mdomo umejaa, "Yule mama ameuza, siku hizi ni kanisa," na wanabishana nguruwe na kanisa mpaka chai ipoe. Nikifunga macho leo nasikia kelele hiyo kuliko ninavyosikia watu walio mbele yangu.

Simu zililetwa mvua ndefu zilipokaribia. Mwenye malori, aliyekuwa na ofisi Ruiru mjini, alimpa kila dereva simu ya kubandika mbele ya usukani. Ndani kulikuwa na ramani inayotembea, na sauti ya mwanamke inakuambia kata kushoto, kata kulia. Msitari wa bluu unakuonyesha njia, na ukitoka kwenye msitari, huko ofisini wanakuona. Wanakupigia. Unakwenda wapi, una mtu huko, unauza mawe yetu? Madereva waligawanyika kama wakati wa kura. Wazee walisema simu ile ni askari amepandishwa lori. Vijana walisema ni macho ya bure. Mwangi ndiye alikuwa mbele ya vijana. Ndirangu ndiye aliyemfundisha kuendesha, alimtoa kupakia mawe kwa mkono akamkalisha nyuma ya usukani, na Mwangi alimwita guka, babu, ingawa hawakuwa na damu moja. Alimpenda. Ndiyo maana alimchokoza kuliko wengine wote.

"Guka," alisema siku moja akiwa ameegemea mlango, simu mkononi, "hii karatasi yako inajua kama kuna jam Githurai saa hii?"

"Haijui," Ndirangu akasema.

"Hii inajua."

"Iulize kama kule kwa kina Kariuki wamefungua geti."

"Haina haja na Kariuki. Inapita lami."

"Basi nyinyi wawili mkae lami. Mkizeeka huko tutawaletea blanketi."

Watu walicheka, Mwangi pia. "Na huyu mwanamke wa simu," akaongeza, "hanipigii kelele kama mathe hapa. Ananiambia tu kata kulia."

"Muulize kama anapika," nikamwambia, maana mathe, mama, ndiye mimi.

Ulikuwa mzaha, lakini mzaha ulikuwa na mfupa ndani. Hawakuwa wajinga, wale vijana. Simu iliwatoa kwenye msongamano mara nyingi, nami niliona kwa macho yangu wakimaliza safari mapema na kwenda kwa watoto wao. Ndirangu mwenyewe alikubali. Hakungoja usiku tuwe wawili ndipo aseme ukweli, alisema mchana, mbele yao: "Hiyo kitu ni nzuri. Ila haijawahi kukwama. Kitu ambacho hakijawahi kukwama, mimi nakisikiliza nusu." Aliibandika simu yake kama alivyoamriwa, akaining'inizia kofia yake, na ofisi ilipompigia kwamba ametoka kwenye msitari, aliwaambia msitari ndio umetoka kwake.

Kilichoniuma hakikuwa simu. Kilikuwa ukuta. Mwenye simu hakuona tena kwa nini atoe barabara. Anaingia, anakaa, anasema, "Mathe, barabara iko kwa simu." Mimi nasema nililosema siku zote. Wa kwanza waliinuka kwa kunung'unika, wakaandika vibaya. Waliofuata walitoka nje. Ng'ambo ya barabara kulikuwa kumefunguliwa hoteli nyingine, yenye vigae na televisheni, na sahani inafika kabla hujakaa vizuri, hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Mabenchi yangu yalianza kuonekana mbao. Ndirangu aliniambia nilegeze. "Wape chakula, wataongea wakishiba," alisema. Nikamwambia mtu akishiba anaongea mpira. Hakubishana. Alikuwa na tabia hiyo, ya kukuacha na neno lako mpaka ulisikie mwenyewe.

Sasa siku yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na mchana huo ilipumzika kidogo. Kuna njia ya nyuma inayotoka machimboni ikizunguka upande wa Theta, inakukwepesha lami yote. Inapita kwenye kalvati, na kando ya kalvati watu walikuwa wamechimba mawe wakisogea, wakisogea, mpaka shimo likakaribia barabara. Kwenye ukuta wangu njia ile ilikuwa bluu. Aliyeiweka bluu aliiweka kabla ya mvua, na baada yake hakuna aliyesema kitu, kwa sababu waliokuwa wanasema walikuwa wamebaki wachache. Mwangi aliingia kwangu wakati nimeepua ndengu. Alikuwa peke yake. Suruali yake ilikuwa na matope meupe ya machimboni mpaka magotini, na wakati wa mvua kila dereva ana matope. Alikaa meza ile ya karibu na ukuta, mgongo kwa ramani.

"Mathe, nipee chochote. Hata ngwaci."

"Sikupakulii kabla hujatoa barabara."

Aligeuka akaitazama ramani. Aliitazama kweli, sikuota. Wazee wawili walikuwa meza ya pili, na mmoja akasema, "Leo mtu wa simu anatafuta nini kwa karatasi? Mwanamke wako amekukosea njia?" Wakacheka. Mwangi akacheka pia, lakini kicheko chake kilifika kwenye meno tu. Akainuka, akasema, "Barabara iko kwa simu, mathe," akavuka ng'ambo. Nilimwona kupitia mlangoni akiletewa sahani. Nilikasirika kwa sababu ya ndengu zangu. Hicho ndicho kilichokuwa kichwani mwangu siku hiyo: ndengu.

Asubuhi iliyofuata Ndirangu alikunywa chai mbele ya ukuta. Alifuata njia ya nyuma kwa kidole mpaka Theta. Simu yake ilikuwa imemwambia apite lami. Alinionyesha, maana mimi nilipenda kuona ule msitari ukiwaka. "Hii inataka nikae Juja mpaka mawe yaote nyasi," alisema. "Nyuma ni bluu." Alikula ngwaci moja, nyingine akaitia mfukoni mwa koti, ikiwa bado ya moto, akasema inampasha mbavu. Aliniambia niweke kando vichwa vya samaki akirudi. Ndivyo tulivyoagana, kwa vichwa vya samaki. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeitwa. Ukingo wa barabara pale kalvati ulikatika chini ya lori lililojaa, lori likalala shimoni, na mawe aliyobeba yakamlalia. Sitasema zaidi kuhusu nilichoona. Walinipa koti lake. Mfukoni mlikuwa na ngwaci, haijapondeka hata kidogo.

Mwenye malori alikuja kwenye matanga na akasimama kusema. Alisema kwa upole, sina la kumlaumu kwa maneno yake. Alisema marehemu alikuwa dereva mzuri kuliko wote, na kwamba asubuhi ile simu ilimwonyesha lami, na angefuata lami angekuwa nasi. Watu waliinamisha vichwa. Wengine walinitazama mimi, kwa sababu walijua ramani iko ukuta wa nani. Na aliyoyasema ni kweli. Nimeyageuza miaka hii yote nikitafuta mahali yalipo uongo, sijapapata. Simu ilimwambia lami. Karatasi yangu ilimwambia bluu. Wale wanaosema eti karatasi ina hekima na simu ni upuzi, waende wakalisemee kaburi lile.

Lakini nilikuwa jikoni baadaye, nyuma ya mabati, nakamua nguo ya kuoshea vyombo, na upande wa pili wa mabati walisimama watu wawili wa ofisini wakila. Nilisikia kama wananiambia mimi.

"Hata Mwangi alikuwa hapo tu siku ya kuamkia ajali."

"Hapo wapi?"

"Hapo kwa kalvati. Tulimwona kwa kompyuta. Ametoka kwa lami, amesimama hapo mpaka tukadhani ni pancha. Akatoka polepole."

"Na hakusema?"

"Aseme nini? Yeye ndiye anaambia wengine wafuate simu. Na bosi angemuuliza alikuwa anafanya nini huko."

"Niongezee supu."

Basi. Niongezee supu. Nilibaki na nguo mkononi maji yakinitiririka kwenye kiwiko. Nilielewa yote mara moja, kama mtu anapofungua dirisha. Mwangi, mtu wa simu, alichoka na jam, akaja kuiba njia ya ukuta aliokuwa anaucheka. Gurudumu lake likazama ukingoni lori likiwa tupu, halina mawe, akajiokoa. Akaja kwangu akiwa na habari hiyo mdomoni, matope yake magotini, akakaa mgongo kwa ramani. Na aliona aibu. Aibu ya kuchekwa na wazee wawili na mwanamke mwenye mwiko. Kalamu nyekundu ilikuwa karibu na bega lake. Alihitaji kunyoosha mkono tu.

Mwangi hakuja kwenye matanga. Alihama akaenda kuendesha upande wa Mwea, nilisikia. Madereva waliobaki walihamia kwenye simu wote, na sikuwalaumu. Dada yangu wa kanisani, mwenye nia njema na ulimi mrefu, aliniambia mwaka huo huo kwamba kama ningempa yule kijana sahani yake bila masharti, huenda angeongea akiwa anakula. Nimelibeba neno hilo kama kokoto kiatuni. Huenda. Huenda angeongea. Huenda angeongea mpira. Nilichofikia ni hiki, na hapa ndipo nilipoumbwa: kupakua tu bila kumuuliza mtu ametoka wapi, hoteli ya ng'ambo ilifanya hivyo, vizuri sana, na sahani iliyompa Mwangi haikumfungua mdomo. Ramani yangu haikufa kwa kuwa ni karatasi. Ilikufa kwa sababu waliacha kuiambia. Hata hiyo simu yenyewe, Shiru ananieleza, inajua jam kwa kuwa watu walio mbele yako wanaiambia bila kujua. Kumbe nayo inatolewa barabara. Tofauti ni kwamba ile haijui aibu.

Shiru hutaka nipake ukuta rangi. "Cucu, hiyo kitu imeoza, inatisha wateja," anasema. Sasa nina wateja wa aina nyingine, wanafunzi, watu wa boda, mafundi, na wao siwaulizi barabara, nawapikia tu chapati na maharagwe na wanakula wakitazama simu zao. Unga upo. Ngwaci napika mara chache, na mimi mwenyewe sizionji. Ramani imekuwa rangi ya chai. Kalvati ile bado ni bluu, sijairekebisha, wala sijamruhusu mtu airekebishe. Kalamu nyekundu imekauka lakini iko kwenye msumari wake.

Sasa niingize Mwangi. Alimaliza kufuta viatu, akaingia. Hapakuwa na watu wengi. Alipita meza ya kwanza na ya pili akakaa ile ile ya karibu na ukuta, ila safari hii uso kwa ramani. Aliweka simu yake mezani, akaigeuza kifudifudi. Nilikuwa nyuma ya kibao na mwiko mkononi, na nikaona ameniona, na ameona kwamba namjua.

"Wĩ mwega, mathe?"

"Nipo."

"Umezeeka vizuri."

"Wewe pia umezeeka."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Aliuliza habari za wajukuu, nikamwambia mmoja yuko chuo. Akasema hongera, na alimaanisha. Akaniambia ameacha malori, mgongo umeharibika, sasa ana shamba dogo na ng'ombe mmoja. Akaitazama ramani tena, pale pale, upande wa Theta. Nilingoja. Mungu ananiona, nilingoja mpaka maharagwe yakaanza kushika chini ya sufuria. Nilitaka ayaseme kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nipewe lile koti. Si kwa ajili ya kumhukumu. Nilitaka tu yasikike ndani ya chumba hiki, yanakotakiwa kusikika, hata kama yamechelewa hivyo.

"Mathe," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ya mtu mkubwa, "yale yalipita. Nimetoka mbali na nina njaa. Nipee chochote. Hata ngwaci."

Nikaweka mwiko chini.

"Sikupakulii kabla hujatoa barabara."